Shangazi, hadithi yangu ya kutisha imemfikia jirani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 29, karani katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda. Nilizaliwa katika kambi ya polisi Tororo. Baba ni mtu wa Arua, mama ni Japadhola, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili cha kambini na mpaka leo ndicho ninachootea ndoto. Nina mke na mtoto wa miezi saba.

Tatizo langu wengine wataliona la kipuuzi. Ninaandika hadithi fupi za kutisha. Zamu yangu mara nyingi ni ya usiku, na mtandao wa forodha ukilala, malori yanajipanga, madereva wanatandika mikeka chini ya trela, na mimi sina la kufanya mpaka alfajiri. Ndipo nafungua daftari.

Kwa miaka miwili na nusu nimetuma hadithi mara 41 kwa majarida ya nje na ya hapa Afrika. Naziandika kwa Kiingereza kwa sababu naona ndicho wanachonunua. Nimeweka hesabu: 33 wamekataa, watano hawajajibu mpaka leo, watatu wamekubali.

Shangazi, hao watatu wamenichosha kuliko wale 33. Wa kwanza ni jarida dogo la Marekani. Walivyokubali nilichinja kuku. Baada ya miezi minne ikaja barua ya mistari mitatu: jarida limefungwa, haki zote zimerudi kwako, pole. Wa pili walikuwa wanakusanya kitabu cha hadithi za waandishi mbalimbali. Walinisifia sana, kisha wakasema nichangie dola 35 za uhariri. Nikachanga. Kitabu kikatoka, jina langu limekosewa herufi mbili, na nilipoomba nakala wakaniambia ninunue kama wengine. Wa tatu walilipa kweli, dola 60 kwa hadithi ya maneno 3,000, lakini njia waliyolipia haikukubali kupokelea huku. Ikabidi binamu yangu wa Nairobi anipokelee. Akakata ya soda, mtandao wa simu ukakata yake, kilichofika mkononi sitaki kukiandika.

Hiyo ya tatu naipenda kuliko zote. Inamhusu mama anayeuza mukene, wale dagaa wetu, mchana, usiku anawanga. Niliigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, nikairekodi kwa simu ofisini saa nane usiku, malori yakinguruma nyuma. Ilitoka vizuri, sijisifu. Nikaitupa kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa stendi, na kufikia Jumapili ilikuwa imefika Busia. Kuna boda alikuwa akiisikiliza kwa spika huku amenipakia, hajui kwamba sauti ile ni yangu. Siku hiyo nilijiona mwandishi kuliko siku ya dola.

Mke wangu hafurahii. Anasema naita mashetani kwenye nyumba yenye mtoto mchanga, na mchungaji wake amemuunga mkono. Mama yangu anasema mtu aliyesoma aandike mambo ya maana, kama kilimo.

Kuna na jambo jingine dogo. Yupo mama mmoja mtu mzima anauza mukene karibu na reli. Anachechemea mguu wa kushoto, na karai lake ni la bluu. Kwenye hadithi nilitia huo mguu na hilo karai, maana nilihitaji vitu vya msomaji kuona. Sasa watoto wanamwita kwa jina la yule mhusika wangu, na wiki iliyopita watu walirusha mawe juu ya bati lake usiku. Nadhani yatapita.

Naomba ushauri. Niache? Nigeukie hadithi za mapenzi, ambazo naambiwa zinauzwa? Au niendelee, na kama naendelea nifanyeje ili nilipwe bila kutapeliwa? Nina nyingine imefika nusu: dereva amekwama kwenye foleni siku ya nne, na usiku anasikia hodi ikibishwa kutoka ndani ya kontena ambalo limefungwa lakiri tangu Mombasa. Sijui kama inafaa niimalize.

Wako,
Karani wa Zamu ya Usiku, Malaba

*

Marahaba mwanangu,

Umeniuliza maswali matatu, ukaniletea na la nne ukaliita dogo. Nitaanza na hilo dogo. Dola zako zitasubiri, zimeshazoea.

"Nadhani yatapita." Wewe ni mwandishi wa kutisha. Mhusika wako akisema maneno hayo ukurasa wa kwanza, ukurasa wa tatu unamfanyia nini?

Msomaji wa Chicago akimaliza hadithi yako anafunga kompyuta, anapika chai, analala. Hana jirani wa kumshuku. Sisi tunaye. Waganda wanawaita abasezi, wale wanaosemwa kwamba hufukua makaburi na kucheza usiku. Kiswahili kinawaita wanga, mmoja wao mwanga. Kila kabila kati ya hapa na kwenu lina jina lake, na kila jina limewahi kubandikwa mgongoni mwa mtu mwenye mwili na damu, aghalabu mzee, aghalabu mwanamke, aghalabu anayeishi peke yake. Sheria yetu ya Uchawi ya mwaka 1957 ilikuwa inaipa mahakama uwezo wa kumfukuza mtu kwao akishatiwa hatiani kwa uchawi, akakae mbali na kaya yake. Mpaka mwaka 1997 ndipo Mahakama ya Katiba iliposema amri ya namna hiyo inakwenda kinyume na Katiba. Hesabu hiyo miaka 40. Na mawe, mwanangu, hayasubiri hati ya hakimu.

Kwa hiyo leo, ukitoka zamu, kabla hujalala, nenda pale relini. Nenda mchana kweupe, watu wakuone. Nunua mukene, na si kikopo kimoja. Kaa kwenye kigoda chake, au uchuchumae, umwambie kwa mdomo wako kwamba ile sauti ni yako, mguu uliuchukua kwake, karai ulilichukua kwake, na hukumuomba. Usimpelekee binamu. Atakutukana, na utanyamaza. Baadaye mwende wote wawili, akikubali, kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, mumweleze, ili siku mawe yakirudi pawe na mtu mwenye cheo anayejua yalipoanzia. Na katika zile dola 60, hata baada ya soda ya binamu, kuna fungu lake. Umelipwa kwa mguu wake.

Ile sauti huwezi kuirudisha, imeshavuka mpaka. Lakini unaweza kuirekodi upya. Usitangaze "hadithi hii haimhusu mama fulani", maana hapo hata asiyejua ataanza kumtafuta. Badilisha tu yule mwanga wa hadithi. Mfanye mwanamume wa miaka 29, karani, anayebaki peke yake ofisini mtandao wa forodha ukilala. Mpe meza yako, mpe kikombe chako, mpe kikohozi chako. Irushe kwenye kundi lile lile la stendi, kwa sauti ile ile. Uone inavyokuwa kusalimiwa kwa jina la mhusika.

Ninasema haya si kwa kuichukia kazi yako. Nimekulia Bombo, katika nyumba ya Wanubi, na bibi yangu alikuwa bingwa wa kutisha. Taa ilikuwa ya chemni. Hadithi ikifika pabaya alikuwa anapunguza utambi kwa kidole gumba, kidogo kidogo, mpaka tunaona meno yake tu na ukingo wa sinia la maharage aliyokuwa akichambua. Halafu anaacha kuongea. Anachambua. Punje moja inaanguka kwenye sinia, *ti*. Wajukuu saba hatupumui. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo na sijakutana na aliyeweza kunyamaza vizuri kama yeye.

Nilipokuwa mkubwa nikagundua kitu. Bibi hakuwahi kumweka mwanga wake Bombo. Mara zote alikuwa "ng'ambo ya mto", kwenye mji usio na jina, na hata alivyotembea hakufanana na mtu yeyote wa mtaani kwetu. Kumbe mtaani tulikuwa na kikongwe aliyesemwa vibaya, na bibi alikuwa akimpelekea uji. Alijua hadithi inaweza kufanya nini ikitoka nje ya chumba.

Utaniambia: Shangazi, lakini mwandishi anahitaji vitu vya kuonekana. Ni kweli, na karai la bluu ni kitu kizuri. Vitu hivyo hapo Malaba umevikanyaga. Watu wa nchi hii wamewahi kutishika kweli bila kumtazama muuza samaki. Enzi za mkoloni, hapo Kampala, walikuwa na bazimamoto. Neno lenyewe ni letu, wazimamoto, Luganda imelibadilisha kichwa tu. Watu waliamini hao wenye magari ya serikali hukamata mtu usiku na kumnyonya damu. Hofu ile ilitazama juu, kwa mwenye gari, mwenye sare, mwenye funguo. Na Kiswahili chenyewe: Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na kuna wazee wa Kampala ambao sentensi wanayoikumbuka zaidi ni "fungua mlango", saa nane za usiku, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, bado wapo wanaoshtuka wakikisikia gizani. Wewe mtoto wa kambi ya polisi unaota kwa lugha hiyo. Unatafuta nini kwenye karai la mama wa watu?

Haya. Sasa hao 33.

Sina mengi ya kusema juu yao, kwa sababu hakuna kilichotokea. Majarida yenye jina hupokea hadithi mamia kwa mwezi na huchapa chache mno. Ukikataliwa na majibu ya kunakiliwa, yale ya "asante, haikutufaa", usiyasome mara mbili. Ila chukua hizo barua 33 uzitenganishe. Popote mhariri alipoandika hata sentensi moja inayoihusu hadithi yako, au alipokwambia utume nyingine, mwamini. Wahariri hawana muda wa kudanganya watu wasiowajua. Hao ndio wa kuanza nao safari ijayo. Halafu tazama ukurasa wako wa kwanza. Mimi nina tabia ya kukata aya mbili za mwanzo za kila hadithi ya kutisha inayoletwa kwangu, na mara nyingi mwandishi mwenyewe hagundui. Mvua ilikuwa inanyesha, mbwa walikuwa wanabweka, fulani aliamka kutoka ndotoni. Kata.

Na wale watano wasiojibu, waandikie barua moja ya adabu kuuliza. Kimya kikiendelea mwezi mzima, waandikie nyingine kwamba unaiondoa hadithi, uitume kwingine. Majarida mengi hayataki hadithi iwe kwao na kwa wengine kwa wakati mmoja. Hiyo ni haki yao, lakini haikufungi milele.

Lile jarida lililofungwa: pole, na kuku ulimla vizuri. Majarida ya namna hii mengi huendeshwa na mtu mmoja au wawili, kwa fedha za mfukoni, baada ya kazi. Mmoja akiumwa au akipata mtoto, jarida limekwisha. Waliokwandikia kwamba haki zimerudi kwako ni waungwana, wengine hupotea tu. Lakini hukuniambia kama uliituma tena hadithi hiyo. Nahofia umeizika nao. Haijachapwa popote, kwa hiyo ni mpya kabisa. Mhariri mmoja alishaipenda. Itume wiki hii.

Za dola 35, umetapeliwa, au umekutana na watu wasiojua kazi. Mfukoni ni mamoja. Fedha hutoka kwa mchapishaji kwenda kwa mwandishi. Kuna majarida kadhaa ya fasihi kule Marekani yanayotoza kama dola tatu za kupokea hadithi, na wengi tunanung'unika. Lakini katika hadithi za kutisha na za njozi, majarida yenye heshima hayatozi hata senti. Kuhaririwa ni wajibu wao, na nakala moja ya kitabu ambacho umo ndani yake ni adabu ya kawaida. Waandikie wasahihishe jina lako. La fedha, lisamehe, hutalipata.

Zile 60 kwa maneno 3,000 ni senti mbili kwa neno. Usione haya, wengi huanzia hapo. Ila ujue kiwango cha juu kinaanzia wapi: chama cha Marekani cha waandishi wa hadithi za sayansi na njozi, SFWA, mwaka 2019 kilianza kuhesabu malipo ya kitaaluma kuanzia senti nane kwa neno. Kwa urefu wa hadithi yako ni dola 240, zaidi ya laki nane za kwetu. Wapo wanaolipa hivyo, na malango yao yako wazi hata kwa mtu wa Malaba. Anza kutuma kwao, ushuke ukikataliwa. Wengi wetu tunaanza chini kwa unyenyekevu, kisha hadithi nzuri inanunuliwa kwa bei ya nyanya.

Kabla ya kusaini chochote, uliza njia ya malipo. Uliza kwa sentensi moja: mimi niko Uganda, mtanilipaje? Mhariri mzuri hatakasirika. Kwa fedha kidogo, ada ya kutuma benki kwa benki inaweza kumeza sehemu ya kuumiza, kwa hiyo mjue mapema nani anaibeba. Binamu wa Nairobi abaki akiba, na soda yake muipangie bei kabla.

Halafu soma mkataba kama unavyosoma nyaraka za mzigo. Ofisini huwezi kupitisha kontena bila kujua kilichomo. Kwa nini unasaini karatasi ya haki zako bila kuigeuza nyuma? Tafuta mambo haya: wananunua haki ya kuchapa kwa mara ya kwanza tu, au wanachukua kila kitu? Kwa Kiingereza, au kwa lugha zote? Watakaa nayo peke yao miezi mingapi? Wasipoichapa ndani ya mwaka, inarudi? Wanalipa ukisaini au ikitoka? Anayetaka haki zote za dunia nzima kwa dola 60 mwambie hapana, kwa upole. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inaitambua kazi yako kuwa yako tangu ulipoiandika, hata bila kuisajili, katika maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Hata huyo mtoto wa miezi saba anaweza kuja kulipwa kwa hadithi ya baba yake.

Hapo ndipo inaponitia wasiwasi ile sauti ya WhatsApp, kando ya habari ya mama wa relini. Uliirusha wakati mkataba wako bado mbichi. Kama walinunua haki za lugha zote, umewavunjia. Ukaangalie. Na kwa siku zijazo ujue kwamba kwa wahariri wengi kitu kilichosambazwa hadharani, kwa maandishi au kwa sauti, kimeshachapishwa. Ukikirusha stendi, umeufunga mlango mwingine.

Mlango mmoja nitakutajia, kwa kuwa umenishangaza. Unasema unaandika Kiingereza kwa sababu ndicho kinachonunuliwa. Tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi kwa Kiswahili. Hailipishwi kuingia. Inataka maneno 2,000 mpaka 5,000, hadithi ambayo haijachapishwa popote, kutoka kwa raia wa nchi za Jumuiya, nasi tumo. Mshindi wa jumla hupewa pauni 5,000, na wa kila kanda 2,500. Mwaka 2014 ilichukuliwa na Mganda, Jennifer Nansubuga Makumbi. Hadithi ya mwanga ukiiandika upya bado imeshachezwa kila stendi, kwa hiyo hiyo haifai. Ila unayo nyingine.

Kwa majarida ya nyumbani Afrika, tazama Omenana, lililoanzishwa Nigeria mwaka 2014 kwa ajili ya hadithi za ajabu, za njozi na za kutisha zilizotungwa na Waafrika. Hawatakuuliza mukene ni nini. Na msomaji wa kwenu kabisa: Dilman Dila, mwandishi na mtengeneza filamu, ni mtu wa Tororo, na mkusanyiko wake wa hadithi za namna hii ulitoka mwaka huo huo wa 2014. Anayesema mtu wa Tororo aandike kilimo tu amechelewa. Ukija Kampala na ikaangukia Jumatatu, pita Kamwokya, kwa FEMRITE. Ni chama cha waandishi wanawake, lakini baraza lao la jioni la kusomeana kazi hukaribisha na wanaume. Utachanwa. Utarudi Malaba na hadithi bora.

Neno moja juu ya mashine, kwa sababu najua kuna rafiki atakushauri kompyuta ikutungie. Februari 2023 jarida la Clarkesworld la Marekani lililazimika kufunga mlango wa kupokea hadithi kwa muda, baada ya kumiminiwa mamia zilizotungwa na kompyuta. Tangu hapo wahariri wamekuwa wakali, na wengi wanataka uthibitishe kwamba umeandika mwenyewe. Kiingereza chako kiache na makovu yake.

Mapenzi, hapana. Barua yako ina aya nane na hakuna hata moja uliyoyataja isipokuwa ulipouliza kama yanauzwa.

Mkeo. Huyu ana haki kuliko mchungaji na kuliko mimi. Mwanamke mwenye mtoto wa miezi saba, mume yuko kazini usiku kucha, halafu mchana nyumba nzima inasikia sauti ya mume huyo ikinong'ona habari za wanga kutoka simu ya jirani! Hata mimi ningeita mchungaji. Sikiliza anachokisema chini ya hilo neno mashetani: anaogopa kulala peke yake. Usimsomee hadithi baada ya magharibi. Daftari likae ofisini. Na malipo yajayo, yawe kidogo vipi, yaingie kwenye maziwa ya mtoto mbele ya macho yake, akijua yametoka wapi. Sikuahidi kwamba atapenda. Mume wangu aliishi nami miaka 26 akiziita kazi zangu "hizo karatasi zako", na alipofariki nikazikuta zote kwenye sanduku lake, zimepangwa kwa tarehe.

Sasa huyo dereva wako. Siku ya nne kwenye foleni, lakiri haijaguswa tangu Mombasa, na hodi inatoka ndani. Huko nyuma hakuna jirani wa mtu. Kuna kampuni, kuna karatasi, kuna ofisa aliyegonga muhuri, na kuna wewe, karani, ambaye lazima umepitisha makontena mangapi bila kuuliza. Iandike kwa Kiswahili. Usiiweke mvua. Usituambie ndani mna nini mpaka dereva aamue kama atamwita mtu, na amwite nani saa nane ya usiku hapo Malaba. Usiisome kwa mtu yeyote wa stendi.

Niliipata barua yako Alhamisi. Nyumba yangu iko karibu na barabara kuu, malori yanapita usiku kucha, na mengine husimama hapo nje dereva akapumzike. Tangu Alhamisi yakisimama nakaa kitandani nasikiliza. Imalize haraka, mwanangu, nipate kulala.

Shangazi